Baridi ya Uyole na baridi ya Ujerumani

*Binti yangu anakwenda kusoma Ujerumani Januari. Nimemnunulia masweta matano mazito. Yatatosha? (Mama, Uyole)*

Mama, apeleke mawili tu. Hayo matatu mdogo wake atayavaa Julai. Baridi yetu inaingia mpaka ndani, unalala na sweta. Kule madarasa, nyumba na treni huwa na joto. Baridi ataikuta akitoka mlangoni. Anahitaji nguo za kuvaa na kuvua: fulana ya mikono mirefu na taiti vya kushika mwili, sweta juu yake, kisha koti refu lisilopitisha upepo wala maji. Ya ndani isiwe ya pamba, maana ikilowa jasho haikauki upesi na inampoza. Sufu ni bora. Koti msihangaike nalo madukani: nendeni Mwanjelwa kwenye mitumba, mkague zipu na mishono. Viatu ndivyo vinavyonitia wasiwasi zaidi. Viwe na soli yenye meno na nafasi ya soksi nene, kwani kiatu kikibana, damu haifiki vizuri vidoleni. Na siku ya safari koti lisiingie begini. Alishike mkononi, Dar atatoka jasho kidogo, lakini begi likichelewa atakuwa nalo.

*Nafuata mzigo Guangzhou mwezi wa saba. Nibebe jaketi? (Mfanyabiashara, Makambako)*

Hapana, kaka. Nyinyi mkiota moto, Guangzhou ni joto la jasho na mvua. Mashati mepesi matatu, suruali mbili, mwavuli, na viatu ulivyokwisha kuvizoea. Sweta jembamba litakufaa ndani ya ndege. Nafasi inayobaki ni ya sampuli.

*Nina suruali ya mabaka kama ya jeshi. Naweza kuvuka nayo Tunduma kwenda Lusaka? (Kijana, Vwawa)*

Iache, mwanangu, hata begini usiiweke. Zambia raia haruhusiwi kuvaa mabaka ya kijeshi, na hapa kwetu pia ni kosa.

*Begi langu huzidi uzito kila safari. (Dada, Iringa)*

Soma tiketi kwanza, dada. Mashirika mengi huruhusu kilo 23 kwa begi, si yote. Lipime nyumbani au kwa muuza mahindi kabla hujapanda basi. Jozi nzito ya viatu ivae, soksi zijaze ndani ya ile nyingine. Taulo liache, chukua kanga mbili: unajifutia, unajifunika, unajitanda, na zikifuliwa usiku asubuhi zimekauka.