Letusi Yako Haina Njaa, Imekosa Pumzi

Vijana wangu wa matangi na mabomba, mnaolima mboga ndani ya maji bila udongo, tusemezane. Tangu kaskazi ianze nimeitwa Bamburi, nimeitwa Utange, nimeitwa Mtwapa, na kila banda napewa hadithi ile ile: letusi inalala mchana, majani yanageuka manjano, "tumeshaongeza mbolea A na B, lakini wapi." Nikiuliza joto la maji, watu wanatazamana. Nikiomba kuona mizizi, naambiwa tusiisumbue. EC, yaani kipimo cha chumvi za mbolea majini, mnaitaja mpaka nukta, pH, yaani uchachu wa maji, mnaipima asubuhi na jioni, na hakuna hata mmoja aliyetia mkono ndani ya tangi. Basi naandika mara moja, ili mkiniita tena niwatumie hii na nauli yangu ya matatu ibaki mfukoni.

1. Mmea uliosimama majini na bado unanyauka, kwanza ondoa shaka ya njaa. Mizizi inapumua. Inachoma sukari iliyoshushwa kutoka majanini kwa kutumia oksijeni iliyoyeyuka ndani ya maji, na nguvu inayopatikana hapo ndiyo inayovuta chumvi za mbolea. Oksijeni ikipungua, hata maji yenyewe hayapandi vizuri. Kuuongezea mbolea mmea wa namna hiyo ni kumlazimisha pilau mtu aliyekabwa koo. Tena ukizidisha chumvi unaufanya ugumu wa kuvuta maji uwe maradufu.

2. Joto. Katika usawa wa bahari, lita moja ya maji matamu yenye nyuzi 20 hubeba takriban miligramu 9.1 za oksijeni, na si zaidi. Kwa nyuzi 25 ni 8.3, kwa nyuzi 30 ni 7.6. Najua mtasema tofauti yenyewe ndogo. Lakini joto likipanda nyuzi 10 mizizi nayo huzidisha pumzi karibu mara mbili, na bakteria waliomo humo hawakai kutazama. Miongozo mnayosoma imeandikwa na watu wenye maji ya nyuzi 18 hadi 22. Sisi maji ya bomba tu yanatoka vuguvugu. Na wewe unayevuta maji ya kisima cha karibu na ufuo, yale ya chumvichumvi, jua kwamba kadiri chumvi inavyozidi ndivyo oksijeni inavyopungua.

3. Tangi jeusi juani. Hapa mnistahimili, maana lilinikuta mwenyewe na silipendi kulisimulia.

Nilikabidhiwa banda juu ya paa la saruji huko Nyali, letusi na mrehani za kupeleka hoteli moja. Vibao vilivyoshika mimea vinaelea kwenye mabeseni marefu ya maji, pampu ya hewa ni moja, na tangi la lita elfu limekaa juani kwa sababu pale ndipo fundi wa mabomba alipolitua, nami sikuona neno. Ilikuwa Januari. Adhuhuri letusi ikilala, jioni ikiinuka, nikasema zitazoea. Zikaanza kulala mpaka magharibi, nikaongeza mbolea. Majani machanga yakawa manjano na mishipa ikabaki kijani, nikajisifu kabisa: hili nalijua, ni upungufu wa chuma. Nikatia chuma. Chuma kilikuwamo tele. Mizizi ndiyo haikuwa na uwezo wa kukichukua. Kila nikipima, EC imepanda, na badala ya kujiuliza mbona mimea haili, nilifurahi kwamba maji yana lishe.

Tulikuwa na kijana wa Kisauni, kazi yake kusafisha na kupanda miche. Akaniambia, "Bosi, haya maji yananuka." Nikamjibu mbolea ndivyo zilivyo. Mbolea zetu zikishayeyuka hazina harufu ya maana, na nilikuwa nalijua hilo wakati ule ule nikitamka.

Jumamosi stima ikakatika magharibi. Mimi niko harusini Majengo, nimevaa kanzu, simu nimeizima sauti. Kijana akapiga, akapiga. Nilipoziona simu zake usiku umekwenda, nikajisemea pampu ndogo ile ikinyamaza usiku mmoja kuna nini, nikarudi kwenye biriani. Asubuhi nilipoinua kibao cha kwanza mizizi ilikuwa kahawia, ina ute. Nikaushika mmoja kwa vidole viwili nikavuta taratibu. Ganda lote likavuka likabaki vidoleni, kilichosalia ni uzi mweupe mwembamba. Mwenye kazi hii hahitaji maabara akiona hivyo, Pythium, kijidudu kinachoozesha mizizi, imeshaingia. Uvundo wa mayai viza ulifika mpaka kwenye ngazi. Banda halikuwa na kipimajoto, nikaazima cha jikoni nikatumbukiza tangini: nyuzi 31, na jua bado halijapanda.

Na aibu yenyewe sijaifikia. Mwenye banda alipouliza kumetokea nini, nilisema kijana alikosea kuchanganya mbolea. Kijana mwenyewe kasimama pale na ndoo mkononi. Hakubisha. Mwisho wa mwezi alichukua chake, hakurudi tena. Muda mrefu baadaye nilimkuta sokoni Kongowea anauza miche ya sukumawiki, nikamwomba radhi. Akacheka, akasema, "Lakini bosi, mbolea hainuki." Siku hizi miche nanunua kwake, na bei hanipunguzii hata shilingi.

Kwa hiyo tangi liwe kivulini, chini ya makuti ikiwezekana kwa kuwa bati linachemsha, au lifukiwe nusu yake ardhini, au lipakwe nyeupe kwa nje juu ya ule weusi, ili joto lipungue na mwanga usipenye ukalea mwani.

4. Pampu ya hewa si uchawi. Hata ukifunga nyingi, maji ya nyuzi 31 hayatabeba zaidi ya kiwango chake. Pampu inarudisha kilicholiwa, basi. Mapovu madogo yana faida kuliko makubwa kwa kuwa yanagusana na maji mengi zaidi, na sehemu nzuri ya kazi inafanyika pale juu, maji yanapovurugika. Nimeona banda moja Mikindani pampu imetundikwa chini kabisa ya bati, inavuta hewa ya tanuri na kuipuliza mizizini mchana kutwa, na mwenyewe anajivunia mibubujiko. Ishushe, iweke penye upepo, lakini isiwe chini ya usawa wa maji, la sivyo stima ikikatika maji yatarudi kupitia mrija na kuiua. Mawe ya hewa, yale yanayotoa mapovu majini, nayo huziba kwa chokaa, maana maji ya visima vyetu yanapita kwenye mwamba wa matumbawe. Yaloweke kwenye siki.

5. Wenye mifereji ya NFT, ile ambayo maji membamba hupita kwenye mizizi na kurudi tangini: bomba la kurudisha maji likatwe juu ya usawa wa tangi, maji yaanguke kwa kishindo. Hiyo ni oksijeni ya bure, nanyi bomba mnalizamisha eti kelele.

6. Mbinu ya Kratky, ile isiyo na pampu, mmea umekaa juu ya ndoo ya maji. Maji yakishuka, mizizi ya juu iliyobaki hewani hujizoeza kupumua hewa yenyewe. Halafu unakuja wewe na huruma zako unajaza mpaka kwenye mdomo wa ndoo. Umeizamisha. Nimewaambia wanagenzi wawili mwaka huu, wameitikia "sawa mwalimu", na wiki ile ile wakajaza. Mmoja alijaza mbele ya macho yangu huku akinieleza kwa nini haifai kujaza.

7. Haidrojeni peroksaidi inavunjika kuwa maji na oksijeni, ndiyo, lakini inaua na bakteria wazuri, na athari yake haidumu. Haishiki nafasi ya kivuli.

8. Joto kali likiingia, punguza nguvu ya mbolea, maana mmea unakunywa maji zaidi kuliko chumvi.

9. Pampu ndogo ya hewa ya volti 12 na betri ya pikipiki, ziwe tayari kabla ya wikendi. Si lazima nieleze kwa nini.

10. Chupa za maji zilizogandishwa, zimefungwa vizuri, zielee tangini kuanzia saa tano asubuhi. Zibadilishe mchana. Mama mwenye friji akinung'unika mpelekee letusi.

11. Kipimo cha oksijeni ni ghali, kisiwatie unyonge. Anza na kipimajoto: soma saa tisa alasiri na kabla ya alfajiri, andika, kisha inua kibao utazame rangi ya mizizi na uinuse. Mizizi myeupe au ya rangi ya maziwa, endelea na kazi zako. Kahawia yenye ute, usiniulize habari ya mbolea. Na aliyeazima kipimajoto changu kabla ya Ramadhani namjua ni nani, akirudishe kabla sijamtaja jina kwenye grupu.