Bili Imepanda, Ukuta Umelowa: Majibu kwa Wasomaji kuhusu Uvujaji wa Maji Nyumbani

Barua za mwezi huu zimetoka miji minne tofauti, lakini karibu zote zinaficha swali moja, nalo ni kwamba maji haya yanatoka wapi. Waandishi wengi wamekwisha kumlipa fundi wa kuziba kabla ya kumtafuta wa kuchunguza, kwa hiyo majibu yangu yataegemea zaidi uchunguzi kuliko saruji.

*Kwa miezi miwili sasa bili yangu ya maji imepanda kutoka uniti 14 hadi uniti 31, ilhali nyumbani tuko watu watano walewale na hatujaongeza hata bustani. Nimezunguka nyumba nzima sijaona mahali palipolowa. Jirani ananishauri nikalalamike kwamba mita ni mbovu. Nianzie wapi? (Msomaji wa Tabata, Dar es Salaam)*

Dada yangu, tuanze na hesabu. Uniti moja ni lita 1,000, hivyo uniti 17 zilizoongezeka ni lita 17,000 kwa mwezi, yaani takribani madumu 28 ya lita 20 kila siku. Inasikika kama mafuriko, lakini ukiigawa kwa saa na dakika utakuta ni bilauri moja na nusu tu kila dakika, usiku na mchana. Mtiririko mwembamba namna hiyo unaweza kuzama ardhini au kuteremka chooni bila kumlowesha mtu hata unyayo.

Chagua siku ambayo maji ya mtaani yanatoka vizuri, si siku ya mgao. Funga koki zote za ndani na nje, zima mashine ya kufulia kama unayo, kisha subiri simtanki lijae kabisa au funga koki inayolipelekea maji, kwa sababu tanki linalojazwa litaizungusha mita bila kosa lolote. Baada ya hapo inama uangalie mita. Nyingi zina kigurudumu kidogo chenye umbo la nyota au pembetatu, ambacho huzunguka hata maji yanayopita yakiwa kidogo mno. Kikitulia, tatizo si la bomba linalotoka kwenye mita. Fungulia maji ya tanki, kisha chunguza tanki lenyewe na vyoo. Kikizunguka, funga koki kuu iliyo baada ya mita. Kikiendelea kuzunguka, bomba limetoboka kati ya mita na hiyo koki, au koki yenyewe haifungi sawasawa. Kikisimama, maji yanapotelea mbele zaidi, nawe utaendelea kufungua na kufunga sehemu moja moja hadi umpate mwizi.

Kabla ya kuchimba uani, mimi ningeanza na choo. Mpira ulio ndani ya tanki la choo, pale chini maji yanapotokea, ukikauka au ukipinda, maji huteleza kwenye ukingo wa bakuli bila sauti, nawe utayadhani ni mabaki ya aliyetoka. Koroga buluu ya kufulia au rangi ya chakula ndani ya tanki hilo, kisha mkataze kila mtu kukitumia choo kwa nusu saa. Rangi ikionekana bakulini, huna haja ya kubahatisha tena. Ama mpira umekufa, ama boya limewekwa juu mno na maji yanamwagikia katika bomba la kufurikia lililo katikati. Lishushe boya hadi maji yasimame chini ya mdomo wa bomba hilo kwa upana wa vidole viwili.

Mwizi wa pili hukaa juu ya mnara. Usiku matumizi ya mtaa hupungua na presha hupanda, kwa hiyo boya la simtanki lililoweza kuyazuia maji mchana hushindwa saa nane za usiku. Niliwahi kuitwa kwenye nyumba yenye malalamiko kama yako, nikakosa kila kitu mchana kutwa. Nikarudi saa kumi na moja alfajiri, nikayakuta maji yakiteleza kimya kwenye ukuta wa nyuma, yakitoka katika bomba la kufurikia na kuishia kwenye shina la mgomba. Wenye nyumba walikuwa wakiusifia mgomba ule kwa wageni kwa jinsi ulivyonawiri.

Ukimaliza yote hayo na bado unaishuku mita, ipime. Tumia bomba linalotoka moja kwa moja mtaani, jaza ndoo 10 za lita 20 zilizopimwa, nayo mita inapaswa kusogea lita 200, yaani 0.2 ya uniti. Ikiruka zaidi ya hapo kwa kiasi kikubwa, nenda kwenye mamlaka ya maji ukiwa na picha za kabla na baada. Mteja mwenye tarakimu husikilizwa kuliko mwenye hasira. Kumbuka pia kwamba bomba la kabla ya mita ni la mamlaka, na la baada yake ni lako.

Usiliahirishe jambo hili hata kama bili unaimudu. Tundu linalotema maji presha ikiwapo ndilo linaloweza kunyonya maji machafu ya ardhini mgao unapokata, na kama bomba linapita karibu na shimo la choo, kinachofuata ni homa ya matumbo.

*Nyumba ya familia yetu Mji Mkongwe ina zaidi ya miaka mia moja. Ukuta wa chumba cha chini ulilowa kutoka sakafuni hadi kiunoni, rangi ikabambuka na kutoa unga mweupe. Fundi alibandua chokaa, akapiga lipu ya saruji na kupaka rangi ya mafuta. Mwaka haukuisha, unyevu ukafika kifuani. Je, tupige lipu nene zaidi? (Msomaji wa Unguja)*

La, bwana, tafadhali usifanye hivyo. Lipu hiyo ndiyo iliyoupandisha unyevu.

Kuta za nyumba hizo zilijengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, kwa unene unaoweza kufika nusu mita. Ukuta wa namna hiyo haukukusudiwa kuyazuia maji; hunywa unyevu wa ardhini na kuutoa polepole kupitia chokaa, ambayo hupitisha hewa. Saruji na rangi ya mafuta huziba pumzi hiyo. Maji hayaachi kuingia kwa chini, ila hukosa pa kutokea, basi hupanda hadi yapate mwanya. Unga mweupe ni chumvi iliyoachwa juu ya ukuta maji yalipokauka. Hatari kubwa zaidi huwezi kuiona, nayo ni vichwa vya boriti za dari vilivyopachikwa ndani ya ukuta, ambavyo huoza kwa unyevu usiotoka hadi siku sakafu ya juu inapoanza kubonyea. Nadhani hapa ndipo methali yetu ya ufa na ukuta inapotupoteza, kwa sababu sisi huwahi mno kuziba.

Hata hivyo hakikisha kwanza kwamba si bomba wala mvua. Unyevu unaopanda kutoka kwenye msingi huwa na mstari wa juu ulio karibu sawa kwa urefu wote wa ukuta. Bomba lililotoboka hutoa doa lenye kitovu, nalo hubaki bichi hata wakati wa kiangazi. Maji ya mvua huja na mvua na huondoka siku kadhaa baada yake, na mara nyingi huwa yameanzia mbali: paani, kwenye mfereji uliojaa majani, au kwenye bafu la juu, kisha yakafuata boriti na kudondokea chumba kingine kabisa.

Kama ni unyevu wa msingi, saruji ibanduliwe kwa patasi na nyundo ndogo bila kulivunja jiwe. Ukuta uachwe wazi ukauke, na wakati mzuri ni Januari na Februari, kaskazi inapovuma na jua ni kali. Ndipo upigwe lipu ya chokaa na kupakwa chokaa, si rangi ya mafuta. Kwa nje, shusheni udongo au zege la njia ikiwa limepanda kuliko sakafu ya ndani, na maji ya paa yaelekezwe mbali na msingi. Kabla ya nyundo ya kwanza, pitieni Mamlaka ya Hifadhi na Uendelezaji wa Mji Mkongwe: mji huo umo katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu mwaka 2000, na matengenezo ya majengo yake yanahitaji kibali.

*Ninajenga Dodoma. Mabomba ya maji yamekwisha kulazwa ukutani na fundi anataka kupiga lipu kesho. Anasema aliyajaribu kwa maji ya tanki na hayakuvuja. Nimruhusu? (Msomaji wa Dodoma)*

Msimamishe siku mbili. Kila mita 10 za kimo cha maji hutoa presha ya takribani baa 1, kwa hiyo tanki lililo kwenye mnara wa mita 6 limeyajaribu mabomba yako kwa baa 0.6 tu, ilhali maji ya mtaani yanaweza kuja kwa nguvu mara kadhaa ya hiyo. Itafutwe pampu ya mkono yenye saa ya presha, mabomba yajazwe taratibu ili hewa itoke, kisha yapandishwe hadi mara moja na nusu ya presha itakayotumika. Mshale wa saa ukishuka, kuna kiungio kinachovuja, nacho ni rahisi kukifikia leo kuliko baada ya marumaru. Kisha piga picha kila ukuta, futi kamba ikiwa imenyooshwa kando ya bomba. Siku utakapotoboa kutundika kabati la jikoni, utazitafuta picha hizo.

*Koki ya jikoni inadondoka. Nimebadilisha mpira mara tatu na kila mara naikaza kwa nguvu zaidi. Bado inadondoka. (Msomaji wa Morogoro)*

Acha kuikaza. Funga maji, ifungue, kisha pitisha ncha ya kidole ndani, mahali mpira unapokalia. Ukigusa mkwaruzo au shimo, kiti cha koki kimelika na hakuna mpira utakaokitosha. Nunua koki nyingine. Wakati unaitafuta, kinga ndoo chini yake, na hayo maji uoshee vyombo.