Debe mlingotini na rada ya meli

Mkuu, umesema umefunga debe mlingotini kwenye mashua yako ya mbao, na bado mabaharia wa meli wanakwambia hawakuoni kwenye rada. Nimekesha zamu nyingi mbele ya rada kati ya Dar na Unguja, kwa hiyo hili nalijua.

Pigo la rada, yaani mawimbi ya redio inayoyarusha, likigonga chuma, elektroni zilizo huru juu yake hutikisika, umeme unatembea usoni mwa chuma, na umeme huo ndio unaorusha mawimbi mapya. Ndani ya chuma mawimbi ya pigo hayafiki popote. Kwa rada ya sentimita 3 (huo ni urefu wa wimbi lake), kwenye alumini yanafifia ndani ya mikroni 1 hivi, yaani sehemu moja ya elfu ya milimita. Anayekushauri ununue bati nene anakumalizia hela tu, maana hata foili ya kufungia chakula inarudisha pigo. Kinachoamua ni umbo.

Pande za debe ni bapa. Ubapa wa sentimita 30 kwa 30 ukiikabili rada sawasawa, mwangwi wake ni mkali kama wa kitu cha karibu mita 100 za mraba. Safi sana! Uinamishe nyuzi 3 tu, pigo linarukia pembeni na kinachorudi kwenye rada ni karibu na sifuri. Sasa niambie, ni mashua gani inatulia hivyo Nungwi kaskazi ikivuma? Kwenye kioo naona nukta inawaka mara moja, antena inazunguka mara tatu nne haipo, kisha kichujio cha mawimbi ya bahari kinaifuta kabisa. Tufe la chuma la upana huohuo halipotei hata likiyumba, ila ni mita za mraba 0.07 tu. Hewa.

Tengeneza kona: bati tatu za pembetatu zinazokutana kwa nyuzi 90. Pigo linadunda mara tatu na kurudi lilikotoka, hata mashua ikilala kidogo. Kingo za ndani zikiwa sentimita 30, unapata kama mita za mraba 33. Hizo nyuzi 90 zipime kwa skwea ya fundi, usikadirie kwa macho. Kona nane zilizoungana zinaonekana pande zote. Zitundike mfuko mmoja (uwazi wa kona moja) ukitazama juu kana kwamba unakinga mvua, mita 4 au zaidi kutoka majini.

Ila meli kubwa nyingi hubeba pia rada ya sentimita 10, na kwa rada hiyo kona ileile inashuka hadi mita za mraba 3 na kidogo. Ukishatundika, iite meli inayopita kwa redio ya VHF, chaneli 16, mhamie chaneli nyingine, umuulize baharia wake anakupata kwenye rada maili ngapi.