Lazanya ya soya inajaa maji na kunuka maharage, nifanyeje?

SWALI: Shikamoo dada. Mume wangu kaacha nyama kabisa, sasa nampikia lazanya kwa ile soya kavu ya chengachenga. Naloweka, nachuja, namwagia kwenye sosi ya nyanya halafu napanga. Ikitoka kwenye oveni chini kuna maji, ukikata inamwagika, na ina kaharufu ka maharage mabichi. Yeye anakula hasemi kitu ila namuona tu usoni. Nakosea wapi?

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Tatizo lipo kwenye kuchuja, soya haichujwi, inakamuliwa! Imetengenezwa na unga wa soya ulioondolewa mafuta, inanywa maji kama sponji, karibu mara mbili ya uzito wake, na usipoyatoa wewe itayatoa yenyewe humo humo kwenye oveni. Kwa trei ya watu 6 chukua gramu 150, mwagia maji ya moto yenye chumvi, acha dakika 10, kamua, mwaga hayo maji manake harufu nyingi iko humo, suuza tena, kamua mpaka isidondoshe hata tone.

Halafu usiipeleke kwenye sosi bado. Ikaange peke yake kwanza, kikaango kipana, na mafuta usiyabanie kwasababu yenyewe haina mafuta kama nyama ya kusaga, igeuze mpaka iwe kahawia na ianze kushika ukavu. Hapo ndo ladha inapopatikana na watu wengi wanaparuka kabisa. Tia kitunguu, saumu, nyanya ya kopo ile nzito nayo ikaangike, sosi ya soya vijiko viwili. Ukiwa na uyoga ukatekate mdogo mdogo ukaange mpaka maji yake yakauke, mi naupenda sana humu. Ndo uweke nyanya, ichemke mpaka ukiburuza mwiko chini ya sufuria unaacha njia. Ila kama pasta yako ni ile isiyochemshwa kabla iache sosi nyepesi kidogo, itakunywa yenyewe.

Sosi nyeupe ni siagi gramu 50, unga wa ngano gramu 50, maziwa mililita 600. Oveni nyuzi 180, funika na foili dakika 25, funua nyingine 15 hadi 20. Ikitoka usiikate, ipe dakika 15 ijishike, hata kama watu wana njaa.

Na kingine hujauliza lakini lazima nikwambie, jibini ya Parmesan, ile ngumu ya kukunia juu ya lazanya, inagandishwa kwa kimeng'enya cha tumbo la ndama, na sosi ya Worcestershire, ile nyeusi ya chupa ya kukolezea, kwa kawaida ina samaki ndani. Kama mumeo kaacha nyama kwa imani yake ana haki ya kujua, kwahiyo muulize kabla hujanunua, zipo jibini ngumu zinazogandishwa bila kitu cha mnyama aliyechinjwa, soma tu pakiti.