Prosesa bila kofia: fremu ya soketi usiing'oe kwa pupa

Mkuu, umesema kofia (kile kibati cha juu kinachofunika chipu) ya prosesa yako ya Intel i7-4790K umeshaing'oa, sasa kitako cha hitisinki (kipoza joto) kinagonga fremu ya soketi, pale prosesa inapokaa kwenye ubao mama, kabla hakijaifikia chipu, na unauliza kama uing'oe na fremu yenyewe. Nilishafanya hivyo kwenye i7-4770K, ya soketi ile ile, humu humu chumbani Tabata ambamo saa nane mchana hata feni inapuliza moto. Inawezekana, ila ilinitoa jasho.

Fremu imefungwa kwa skrubu tatu za nyota, saizi T20. Bisibisi niliazima kwa fundi magari. Kuitoa ni dakika mbili, shika tu bamba la nyuma lisidondoke. Tabu inaanza hapo. Fremu ile ndiyo inayoikandamiza prosesa juu ya pini 1150 za soketi. Ukiitoa, kazi hiyo inabebwa na hitisinki, nayo inakandamiza katikati tu, juu ya kachipu kasichofika hata milimita za mraba 200.

Mara ya kwanza nilikaza kwa woga. Mashine ikawaka, nikashangilia, kucheki ramu naona gigabaiti 8 badala ya 16. Nikahamisha vijiti, nikasugua meno yake kwa raba ya penseli, wapi. Nusura nimpigie aliyeniuzia nimtukane. Kumbe pini za upande mmoja zilikuwa hazigusi sawasawa. Nikaongeza robo mzunguko kila skrubu, nikikaza kwa kukingamisha pembe na pembe, ramu ikarudi yote. Lakini nako usizidishe: silikoni haipindi, inamegeka. Ukikaza pembe moja hadi mwisho kwanza, kona ya chipu inaondoka na hakuna fundi wa kuirudisha.

Halafu nguzo za hitisinki. Zimepimwa kwa prosesa yenye kofia, kwa hiyo skrubu zangu zilifika mwisho huku springi bado zimelegea. Niliongeza washa za plastiki juu ya springi ndipo zikabana.

Kama utatumia metali ya maji (inapakwa juu ya chipu badala ya pesti ya kupitisha joto), pembeni mwa chipu kuna vijidude vidogo vya umeme. Vipake rangi ya kucha, acha ikauke kabisa, la sivyo tone moja likihama unapiga shoti. Mimi nilitumia nyekundu ya dada yangu, mpaka leo ananidai. Na kitako cha hitisinki kiwe cha shaba. Metali hiyo ina gali, na gali inaila alumini hadi inakuwa kama biskuti iliyoloa.

Sasa faida. Kwa mzigo ule ule, kabla sijagusa kitu joto la prosesa lilikuwa nyuzi 93 za Selsiasi. Nilipotoa pesti ya kiwandani, nikakwangua gundi nyeusi yote inayoshika kofia na kurudisha kofia juu ya metali ya maji: 74. Uchi kabisa, bila kofia wala fremu: 69. Yaani nyuzi 19 zilitokana na pesti na ile gundi, ambayo unene wake ulikuwa unainyanyua kofia isikae vizuri juu ya chipu. Ukichaa wote wa fremu umenipa nyuzi 5. Ningekuwa wewe ningerudisha kofia, nikafunga fremu yangu, nikalala.

Aliyekuambia kwenye maoni ya hapo juu kwamba "mbona wenye Intel ya kizazi cha 12 wanatoa fremu" amechanganya mambo. Soketi ya LGA1700 iliyotoka 2021 inabeba prosesa ndefu, na fremu yake ya asili inaibana katikati ya mbavu mpaka inapinda kidogo. Wale wanaitoa wanaweka fremu nyingine inayokandamiza ukingo wote. Hawaachi soketi wazi, na kofia hawaigusi.

Kama bado unataka uchi, kabla hujashika bisibisi weka hapa picha ya kitako cha hitisinki yako, tuone ni shaba au alumini.