Utoro wa bwawa niliuziba mimi

Juzi kaka mmoja wa Nakaseke, hapa hapa Uganda, kanitumia picha kwa WhatsApp. Bwawa la kijiji chao limejaa pomoni, maji rangi ya chai ya maziwa, ng'ombe wa Ankole wamejipanga ukingoni na pembe zao. Chini ya picha kaandika: "Hajjati, tumejenga matofali pale maji yalipokuwa yanapotelea. Sasa kiangazi kije tu." Nikaweka simu kifudifudi mezani.

Kaka yangu, matofali hayo nayajua. Ya kwangu yalikuwa magunia.

Mimi nimezaliwa Bombo, nyumbani kwetu watu wa duka, ng'ombe nimewajulia ukubwani baada ya kuolewa Nakasongola. Ndiyo maana nilipochaguliwa mwenyekiti wa kamati ya maji nilitaka kuwaonyesha watu kwamba mtoto wa dukani naye anajua hesabu. (Vijana wa huku bwawa wanaliita "damu". Mara ya kwanza niliposikia "damu imejaa" nilikimbilia mlangoni.)

Kwa asiyejua, bwawa la udongo lina tuta linalozuia maji, na pembeni, kwenye ardhi ngumu ya asili, huachwa njia pana iliyo chini kuliko kichwa cha tuta. Huo ndio utoro. Bwawa likijaa, maji ya ziada hutorokea huko na kurudi bondeni bila kuligusa tuta. Letu lilikuwa na mita moja hivi kati ya sakafu ya utoro na kichwa cha tuta. Mita hiyo mimi niliiona ni uvivu wa fundi.

Kiangazi kilichotangulia kilikuwa kimetuchapa, maji tunanunua kwa jerikeni. Mvua za Septemba zikaja, bwawa likajaa, nikasimama pale utoroni naangalia maji yanakwenda zake na roho inaniuma. Mikutano ya kamati siwasimulii, mtalala. Tulijaza mchanga magunia 40 tukaupandisha utoro nusu mita. Maji yakatanda hadi kwenye nyasi ambazo hayajawahi kuzifikia. Nilipigiwa vigelegele, na sitadanganya, vilininogea.

Mzee mmoja mfugaji hakubishana nami. Kesho yake nikaona amehamisha zizi la ndama wake kutoka bondeni akalipeleka kilimani. Nilimcheka mbele za watu.

Novemba, usiku, ikanyesha mvua ya kutosikilizana ndani ya nyumba. Juu ya tuta palikuwa na mahali ng'ombe walizoea kuvukia, pameliwa na kwato pakawa kama tandiko la farasi. Hakuna kati yetu aliyewahi kupaangalia mara mbili. Maji yalipokosa utoro yalipanda yakapitia hapo hapo. Yakimwagika juu ya tuta la udongo, yanaanza kulila upande wa nyuma, udongo unamomonyoka kuja mbele, na kadiri mwanya unavyopanuka ndivyo maji yanavyozidi kasi. Kumbuka, mita moja ya ujazo ya maji ni tani nzima. Kufika alfajiri pale palikuwa na pengo la kupita lori. Mihogo ya watu, kalvati ya barabara, ndama wawili wa jirani, vyote vilikwenda. Mtu hakufa, alhamdulillahi. Ndama wa yule mzee walikuwa kilimani wanacheua.

Idi iliyofuata shemeji yangu aliniletea zawadi. Nilipofungua nikakuta gunia tupu, limekunjwa vizuri. Watu walicheka hadi machozi. Nimemsamehe kwa mdomo.

Sasa sikilizeni, maana watu wa mabwawa madogo tunajidanganya kwamba ajali ni za mabwawa ya umeme. Solai, kaunti ya Nakuru kule Kenya, lilikuwa bwawa la shamba, la udongo. Lilipasuka usiku wa tarehe 9 Mei 2018 na watu zaidi ya 40 wakafa. Na Mai Mahiu, Aprili 2024, mwanzoni ilisemwa bwawa limepasuka. Kumbe ni njia ya maji chini ya tuta la reli iliyokuwa imeziba, maji yakajikusanya nyuma yake. Kuziba. Neno ni hilo hilo.

Kwa hiyo utoro usiguswe. Mkitaka maji zaidi, zoeni tope chini ya bwawa wakati wa kiangazi, maana nusu ya kile mnachokiita ukame ni tope limekaa mahali pa maji. Halafu tembea juu ya tuta kwa miguu yako, usitume mtoto. Palipodidimia pajazwe na pashindiliwe. Nakasongola mchwa ni wenyeji kuliko sisi, basi kichuguu kwenye tuta kiondoe kikiwa kichanga. Mikaratusi msipande hapo, mizizi ikioza inaacha mifereji ndani. Pandeni nyasi. Ng'ombe wanywe kwenye birika nje ya uzio. Ukiona maji yanachuruzika nyuma ya tuta, yakinge kwenye chupa. Yakiwa maangavu, weka alama na urudi kesho. Yakiwa na matope, tuta linaliwa kwa ndani, usingoje kesho: waondoe watu wa bondeni, kisha mpigie afisa maji wa wilaya. Na utoro. Nimeshasema utoro?

Bwawa tulilijenga upya, safari hii kwa mhandisi na kibali, udongo ukishindiliwa tabaka kwa tabaka, utoro mpana kuliko barabara ya kwetu. Mvua za msimu huu maji yalipita utoroni siku tisa mfululizo. Nilikwenda kila asubuhi na kiti changu. Shemeji alipita, akaangalia, hakusema kitu. Siku hizo tisa ni zangu.

Yule kaka nimemjibu atoe matofali kidogo kidogo kuanzia juu, si yote kwa mpigo, na walio chini waambiwe kwanza. Kanijibu kwamba watalipeleka jambo hilo kwenye kamati wiki ijayo.

Nimemuuliza ndama wao wanalala wapi.