Maswali ya wasomaji: Vifaa vya kuzamia na oksijeni

SWALI: Habari za kazi, ndugu wataalamu. Tuna seti mbili za kuzamia tunazotumia bwawani Mtera. Tunataka kuanza kujaza naitroksi (hewa iliyoongezewa oksijeni) ya asilimia 36, kwa kutia oksijeni tupu kwanza kisha kuongezea hewa. Fundi ametushauri tusafishe valvu na regyuleta (kifaa cha kupumulia kinachopunguza mgandamizo wa gesi) kwa petroli, halafu tupake grisi ya silikoni. Ni sawa?
*Mzamiaji, Mtera*

JIBU: Hapana, na tunawaomba sana msijaribu. Oksijeni yenyewe haiungui, lakini chochote chenye mafuta kikikutana nayo kwenye mgandamizo mkubwa hushika moto upesi mno. Ukifungua ghafla valvu ya mtungi wa bar 200, gesi hubanwa mara moja kwenye nafasi finyu iliyo mbele yake, na kwa hesabu joto lake laweza kupita nyuzi 1,000. Hapo alama ya kidole chenye mafuta inatosha kuanzisha moto, kisha sili zinafuata, mwisho chuma chenyewe. Wachomeleaji wa gesi wanalijua hili: geji ya oksijeni haipakwi mafuta.

Kwa njia mliyochagua, vinavyokutana na oksijeni tupu ni mtungi na valvu yake. Regyuleta hupokea mchanganyiko uliokamilika, na vyama vingi vya uzamiaji huhesabu mchanganyiko usiozidi asilimia 40 kama hewa ya kawaida, ila maelekezo ya mtengenezaji ndiyo yafuatwe. Ukizidi hapo, regyuleta nayo ioshwe vivyo hivyo. Ndani ya mtungi mwachieni fundi aliyefunzwa kazi hiyo.

Valvu ifunguliwe hadi kipande cha mwisho. Oringi (pete za mpira za kuziba) za zamani zote tupeni. Mpya ziwe za mpira wa aina ya Viton au EPDM. Penye kutu ya kijani, loweka kwenye siki nyeupe iliyochanganywa na maji nusu kwa nusu, dakika chache tu, maana ikizidi kromu hubanduka. Kisha osha kwa maji ya nyuzi 50 hivi na sabuni ya maji isiyo na manukato wala losheni. Pitisha mswaki laini wa nailoni katika kila tundu na kila uzi wa skrubu, maana grisi ya zamani hupenda kujificha humo.

Maji ya visima vya Dodoma yana chumvi na yakikauka huacha ukungu mweupe. Kwa hiyo suuza ya mwisho iwe ya maji yaliyokenekwa, yale ya kuongezea betri. Soma lebo kwanza: dukani ukiomba "maji ya betri" unaweza kupewa asidi.

Msikaushe kwa kompresa ya kujazia matairi, kwani hutoa upepo wenye mafuta. Tumieni naitrojeni kavu, au acheni vikauke chumbani madirisha yakiwa yamefungwa. Chembe ya vumbi inayokimbizwa na oksijeni ikigonga chuma nayo huweza kuwasha moto, na vumbi la Dodoma mnalijua. Tena miezi hii ya upepo kila mtu anapaka mafuta mikononi, basi vaeni glavu za nitrili zisizo na unga tangu mnapoanza kuunganisha. Grisi iwe maalumu ya oksijeni, kama Christo-Lube au Krytox, kiasi cha kuifanya oringi ing'ae tu.

SWALI: Nitajuaje kifaa kimetakata kweli?
*Fundi, Kizota*

JIBU: Kimwagie maji safi. Yakitanda kama utando mmoja, vizuri. Yakijikusanya matone, mafuta bado yapo, rudia kuosha. Kikishakauka, kifute kwa kitambaa cheupe kisichotoa nyuzi, kisha kimulike gizani kwa taa ya urujuanimno (UV). Mafuta mengi hung'aa chini ya taa hiyo, ila grisi ya silikoni kwa kawaida haionekani, kwa hiyo usitegemee taa peke yake.

SWALI: Mtungi ukishaoshwa unadumu safi muda gani?
*Mwanafunzi wa uzamiaji, Kikuyu, Dodoma*

JIBU: Mpaka siku utakapojazwa hewa yenye mafuta. Hewa ya kawaida ya kuzamia, kwa kiwango cha Marekani, huruhusiwa hadi miligramu 5 za mafuta kwa mita ya ujazo. Ile ya kuchanganywa na oksijeni isizidi 0.1. Ukijazwa ile ya kwanza hata mara moja, usitie tena oksijeni tupu kabla haujaoshwa upya. Andikeni tarehe ya kuoshwa kwenye mtungi, na valvu ifunguliwe polepole kila mara.